Lebo Moja kwa Sanduku la Kanisa

DUKA LA MWANAMISI
Tunakuuzia kitu chako
Somanda, Bariadi
4 Machi 2024

Kwandu Josia,
Sanduku la Kanisa, Kimali,
Meatu.

Ndugu Mteja,

YAH: KUCHUKUA VITU VILIVYOBAKI DUKANI

Mwenye fremu anabomoa jengo na sisi tunahama. Kila aliyetuachia kitu tumuuzie, na kitu hicho hakijapata mnunuzi, anaombwa afike na risiti yake akichukue kabla ya tarehe 30 Aprili. Vitakavyobaki baada ya siku hiyo vitakabidhiwa kwa mchuuzi wa minadani.

Tunaandika barua yenye mhuri kwa sababu tulipotuma ujumbe wa simu, wateja wengi walidhani ni matapeli.

Wako katika kazi,
Shifa Hilali
Kwa niaba ya Bi. Mwanamisi Khatibu

*

Somanda, 5 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nampa kondakta wa Hiace ya Maswa akuletee hapo Nyalikungu. Jana kwenye simu nilipiga kelele mpaka wa saluni akaja kuuliza nani kafa, na wewe bado ulisikia nusu. Basi tuandikiane, mpaka mguu upone na masikio yapate wa kuyatazama.

Barua za wateja wa duka lako zimeondoka. Usiniulize nilivyozitoa. Kuandika bahasha kwa mkono nilikwama kwenye ya arobaini, vidole vikagoma. Ndipo nikakumbuka ile programu ya dukani ina sehemu ya kutoa lebo: unachagua wateja, unaweka karatasi za kubandua kwenye printa, inakutolea jina na anwani. Karatasi tatu za kwanza maandishi yalipanda juu ya mistari, nusu ya jina lebo hii, nusu lebo ile. Ya nne ikakubali.

Zimetoka lebo mia na kumi na mbili. Niliwachagua wateja wote, nikidhani wanafika mia tatu, lakini daftari la kompyuta lina watu walioandikwa mara mbili mbili, nafikiri imewachuja. Sikuhesabu. Nilibandika, nikapeleka posta, nikarudi kulala na viatu.

Mfungo unaingia wiki ijayo na nusu ya duka bado haijapangwa kwenye maboksi. Uniombee nguvu.

Mwanao,
Shifa

*

Kimali, 27 Machi 2024

Kwa binti wa duka la Mwanamisi,

Nakusalimu, mwadila. Sisi wazima, mvua inasuasua, pamba imesimama hivyo hivyo.

Barua yako nimeipata Jumapili, katekista alipotoka Mwanhuzi kufungua sanduku. Imenishangaza. Mimi kwako sina kitu. Masufuria yangu mawili uliyauza mwaka juzi nikaja kuchukua changu, tukaagana vizuri, ukanipa na maji ya kunywa. Labda unamtafuta Kwandu mwingine.

Kuna jambo la pili. Hapa kijijini tuko wengi tulioleta vitu kwako, maana mimi nilipotangulia wenzangu walifuata. Hakuna hata mmoja mwingine aliyepata barua. Wamekuja kuniuliza kama na wao wameitwa. Nimewajibu kwamba barua imekuja ya Kwandu peke yake, na ingekuwa na wao wanatakiwa basi wangeandikiwa, mbona sanduku ni moja. Wametulia wameendelea na palizi. Nisahihishe kama nimewaambia vibaya.

Sina zaidi. Macho yananiuma, nimeandika barua hii siku mbili.

Ni mimi,
Kwandu Josia

*

Somanda, 12 Aprili 2024

Mama Kwandu, shikamoo.

Asante kwa barua yako. Samahani kwa kuchelewa, ilifika katikati ya mfungo na nimeifungua baada ya Idi. Nimetazama kwenye kompyuta na ni kweli, masufuria yako yalikwisha kuuzwa. Huna kitu kwetu. Usihangaike na safari, ipuuze tu ile barua.

Kila la heri na pamba.

Shifa

*

Somanda, 9 Mei 2024

Shangazi, shikamoo.

Kaa kitako kabla hujasoma.

Tumeshahama. Fremu mpya ina joto lakini ina mlango wa chuma. Masele, yule mchuuzi wa minadani, alikuja tarehe mbili na lori akabeba vyote vilivyobaki, kama ulivyoagiza. Vilikuwa vingi mno. Nilimwuliza hata yeye: hawa watu hawavitaki vitu vyao? Akacheka, akasema watu siku hizi wamechoka, mwanangu, hata vyao wenyewe vinawachosha.

Jana nilikuwa nataka kutoa lebo nyingine, za kuwaambia wateja tuliko. Nikaona chini ya ukurasa kiboksi kidogo chenye tiki. Kimeandikwa: lebo moja kwa kila anwani. Tiki ilikuwamo tangu programu iliponunuliwa. Nadhani walioitengeneza wanaishi mahali ambapo kila nyumba ina sanduku lake la barua mlangoni, hivyo anwani moja ni familia moja na barua moja inawatosha.

Shangazi, Kimali nzima ni sanduku moja la kanisa. Watu kumi na tisa. Programu ilimchukua wa kwanza kuandikwa, ikawaacha kumi na wanane. Na si Kimali tu. Kuna sanduku la shule lenye watu thelathini na mmoja, kuna la chama cha ushirika cha pamba. Nilipoitoa ile tiki zilitoka lebo mia mbili na tisini na sita. Nilikaa chini kwenye boksi la viatu nikazitazama zinavyotoka.

Lililonikata maini zaidi ni hili. Yule mama wa Kimali aliniambia. Aliandika kabisa kwamba wenzake hawajapata, akaniomba nimsahihishe. Nilikuwa na njaa na usingizi, nikajibu habari ya masufuria yake nikaliacha la pili. Barua yake ninayo hapa.

Niambie nifanye nini.

Shifa

*

Nyalikungu, Maswa
13 Mei 2024

Shifa binti Hilali,

Marahaba. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nilitaka niruke na mguu huu huu.

Kulia hakusaidii. Waandikie wote, mmoja mmoja, hata kwa mkono, hata vidole vikatike. Sema kosa ni la duka, usilisukumie kompyuta. Kompyuta haina jina mjini, mimi ninalo. Mtafute huyo Masele, kilicho bado mikononi mwake kirudi. Kilichokwenda, mwenyewe aambiwe na tumtake radhi.

Umechoka, najua. Mimi ndiye niliyekuachia mzigo wa watu wawili. Lakini dukani kwetu mtu huacha kitu chake akaenda kulala. Kama hatuwezi hilo, basi tuuze vitumbua.

Shangazi yako,
Mwanamisi

*

Somanda, 20 Mei 2024

Mama Kwandu, shikamoo.

Nakuandikia kwa aibu. Mwezi wa tatu uliniuliza jambo na sikukujibu. Wenzako wote waliotuachia vitu walitakiwa kuitwa, na kosa la kutowaandikia ni langu. Vitu vyao vimeondoka na mchuuzi. Sasa nimemwandikia kila mmoja bahasha yake, zote ziko sanduku lenu pamoja na hii yako. Masele amerudisha baadhi: kitanda, mitungi ya gesi, suti ya bwana Thomasi. Vingine ameshauza.

Kitu kinachoniuma ni cherehani ya Kulwa Maige. Ni ile ya miguu, yenye meza iliyoungua kwa pasi pembeni. Aliiandikia bei kubwa sana, bei ya mtu asiyetaka kuuza, nikamwambia haitanunuliwa, akaniambia niandike hivyo hivyo. Hakutoa namba ya simu, alisema hana. Masele anasema aliipeleka mnada wa Mwanhuzi. Naomba umfikishie habari hii kwa upole, nami nitaendelea kuitafuta.

Nisamehe, mama.

Shifa

*

Kimali, 3 Juni 2024

Shifa mwanangu,

Nimekaa na barua yako tangu asubuhi, na bahasha ya Kulwa nimeomba kwa katekista niishike mimi. Ungejua nilivyoshukuru kwamba alizileta kwangu kwanza.

Nikueleze, maana wewe huwezi kujua. Mume wa Kulwa anaitwa Maganga. Si mtu mbaya, hata leo nitasema hivyo. Lakini akishikwa na shida au na pombe, kila kilichomo ndani ni cha kuuza. Kitanda cha Kulwa kiliuzwa yeye akiwa kwao anamwuguza mama yake. Baiskeli ikafuata. Ilipobaki cherehani, siku moja tuliamka tukasikia imeibwa. Kijiji kizima tulitafuta mpaka bondeni. Kulwa alilia mbele yetu sote, na mimi nikalia naye.

Kumbe aliileta kwako. Ile bei aliweka ili isinunuliwe. Alikuwa anasubiri pamba iuzwe, apange chumba Mwanhuzi karibu na soko, aichukue akaanze kushona. Leo ndiyo kaniambia, baada ya kuona jina la duka kwenye bahasha mkononi mwangu.

Na cherehani imeshapatikana. Maganga alikwenda mnadani kutazama bei ya ng'ombe akaiona, akaitambua kwa ile alama ya kuungua pasi. Akamkaba mchuuzi. Mchuuzi akasema mimi nimetoa dukani Bariadi, nenda ukaulize huko, ukiitaka hapa lipa. Maganga akaenda akamtoa nzagamba wake, lile dume jeusi la ng'ombe analoliita mdogo wake, akaliuza siku hiyo hiyo, akailipia. Ameingia nayo kijijini juu ya mkokoteni anaimba. Akamwambia mke wake mbele ya watu: nimekurudishia. Kulwa akaanguka chini, watu wakadhani ni furaha.

Sasa Maganga anamtaka mwizi. Amekwenda kituoni kueleza kwamba duka lenu linapokea vitu vya wizi. Watakuita. Mwanangu, wewe una karatasi yenye sahihi ya Kulwa. Ukiitoa, wewe umepona na yeye amekwisha. Kila mtu atajua kwamba alimdanganya mume wake na kutudanganya sisi. Nakuomba usiitoe.

Mimi ndiye niliyewaambia watulie. Hilo linanikosesha raha kila nikimwona.

Kwandu Josia

*

Nyalikungu, 17 Juni 2024

Shifa,

Jirani kanisomea barua yako, macho leo hayataki. Unasema umeitwa Jumatatu ya tarehe 24 na nyaraka zako, na unaniuliza ruhusa ya kutokwenda na ile risiti.

Ruhusa hiyo sina. Nina miaka ishirini na mbili Bariadi, nilifika na beseni la kanga kichwani, na katika miaka hiyo hakuna aliyeniita mpokea wizi. Namwonea huruma huyo mwanamke kuliko unavyodhani. Nami nilikuwa na mume. Lakini huwezi kumbeba mtu mwingine kwa kuuangusha mji wako. Toa karatasi. Sema kweli kwa ustaarabu.

Ukishindwa, basi useme ulishindwa, usiniandikie uongo. Uongo nitaujua hata kwa macho ya jirani.

Mwanamisi

*

Bariadi, 24 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Nimetoka kituo cha polisi sasa hivi. Sijala na sitaki kula.

Maganga alikuja amevaa koti la Jumapili. Si mtu wa makelele kama nilivyomfikiria. Alinisalimia vizuri, akaniita dada. Alikuwa amemleta mke wake kama shahidi, aitambue cherehani na kusema iliibwa siku gani. Kulwa alikaa kwenye benchi mkabala nami, hakuniangalia.

Afande akaniuliza duka lilipataje kitu kile. Nikasema kwamba kila anayetuletea kitu tunamwandikisha. Akasema, basi nionyeshe aliyeandikishwa. Risiti ilikuwa kwenye mkoba. Wewe ulinitaka nisikuandikie uongo, kwa hiyo soma: sikuwa nimeamua chochote njiani, nilikwenda huku nikiomba kompyuta zote za dunia ziungue. Lakini aliponiuliza, mkono wenyewe uliingia kwenye mkoba. Uliishika karatasi. Niliogopa, Shangazi. Niliogopa kwa ajili ya duka na kwa ajili yangu, na Kulwa hakuwamo kichwani mwangu hata kidogo.

Ndipo Kulwa akaniangalia. Aliuona mkono.

Akasimama akasema, "Afande, acha kumsumbua huyu dada. Hakuna aliyeiba. Niliipeleka mwenyewe."

Maganga akacheka, akadhani amechanganyikiwa na mahali pale. Akamwambia, "Kaa, Kulwa wangu, hujaelewa swali." Kulwa akasema, "Nimeelewa. Kitanda uliuza. Baiskeli uliuza. Ndoo ya maji ya plastiki uliuza, Maganga, ndoo! Nikaificha iliyobaki. Nilipolia nililia uongo."

Nilitegemea apige meza. Hakupiga. Alivua kofia akaiweka magotini. Kisha akauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo siku nakuja naimba, ulikuwa unajua?" Kulwa akasema ndiyo.

Kesi imefungwa. Waliondoka pamoja lakini Maganga alitangulia mbele, Kulwa nyuma yake kama hatua ishirini. Sikupata hata nafasi ya kumwomba msamaha. Duka lako ni safi, Shangazi. Mimi sijisikii msafi.

Shifa

*

Kimali, 5 Julai 2024

Shifa mwanangu,

Mwangaluka, umeamkaje. Najua unangoja habari, na katekista anakwenda Mwanhuzi kesho, kwa hiyo naandika hivi hivi na macho yangu.

Waliporudi, nyumba ile ilikuwa kimya siku sita. Moshi ulitoka, ng'ombe walikwenda malishoni, pamba ilichumwa, lakini hatukusikia mtu akisema. Watu walishajua. Mambo ya kituoni hayakai kituoni. Wanawake wawili watatu walimpita Kulwa kisimani bila kumsalimu, kwa kuwa walihangaika bondeni kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Mimi nilikwenda nikakaa naye, tukamenya viazi vya kukausha viwe michembe, sikumwuliza kitu. Nilimwambia lile langu tu, kwamba ni mimi niliyesema mtulie. Akasema, "Mayu, mama, hata ningeitwa, ningeipeleka wapi?" Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jana mchana nikiwa naanua michembe, Maganga akaja na mkokoteni. Cherehani juu yake, imefunikwa gunia. Hakuwa amelewa, nakuapia. Aliishusha peke yake, sikumsaidia kwa sababu sikujua anataka nini, nikadhani anakwenda nayo mnadani na amepita kuniaga kwa dharau. Akaiingiza ndani kwangu. Akaiweka chini ya dirisha, mahali penye mwanga, akaangalia kama miguu yote minne imekaa sawa.

Nikamwambia, Maganga, hii si ya kwangu.

Akasema, "Najua. Ikae hapa. Kulwa aje ashonee hapa kwako, akimaliza aiache hapa hapa. Kwangu isilale."

Nikamwambia umeilipia kwa dume lako, kwa nini isikae kwako?

Alikuwa anafuta vumbi kwenye meza kwa kiganja. Akasema, "Nilipoitoa mnadani niliapa sitaiuza. Na kitanda niliapa. Mimi najijua, mayu."

Nikamwuliza, na siku ukija kuidai nifanyeje, maana wewe ni mwanamume na mimi ni mjane?

Akasema, "Nikija kuidai, funga mlango. Hata nikilia."

Akachukua gunia lake, akaondoka na mkokoteni.

Kulwa amekuja leo asubuhi. Anashona sasa hivi ninapoandika.

Kwandu Josia